Mbolea imepata mfumo, watoto wa dei kea je?

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo sisi walezi wa watoto wadogo hapa Dodoma tunaliongea kila tukikutana na silioni likiandikwa. Naendesha kituo kidogo cha kulelea watoto mchana huku Nkuhungu, hivi ambavyo mtaani kila mtu anaita dei kea. Ninachosema ni hiki: kama serikali imeweza kumfikia mkulima kwenye simu yake ya kitochi ikampunguzia bei ya mbolea, basi inaweza kumfikia na mama anayeacha mtoto dei kea ikampunguzia ada, ila huo mfumo ujengwe kwa kumwangalia huyo mama anavyoishi, sio mama ndio aanze kujikunja aingie kwenye mfumo.

Mbolea wote tunaikumbuka. Kuanzia 2008 hivi kulikuwa na vocha za karatasi, na watu wa vijijini wanajua zile vocha zilivyozunguka, mkulima anasaini mbolea anachukua mtu mwingine. Halafu Agosti 2022 Rais Samia akazindua utaratibu mpya kwenye Nanenane kule Mbeya, mkulima anaandikishwa kijijini kwake, taarifa zinaingia kwenye mfumo, anapata namba yake, anaenda nayo kwa wakala, na msimu ule akauziwa urea au DAP mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 70,000 wakati bei ya soko ilishapita laki. Foleni zilikuwepo, mtandao ulikata, wengine wakala alikuwa mbali mpaka nauli inakula faida, hayo yote yalisemwa na ni kweli. Lakini ndugu zangu wanaolima mahindi Kongwa walipata mbolea kwa majina yao wenyewe. Kwa hiyo hoja ya kwamba huku kwetu ruzuku haiwezi kumfikia mtu mmoja mmoja mi siikubali tena.

Na sio mbolea tu. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wanalipa walengwa kwa simu na benki miaka sasa, na kwenye ule Mpango wa Kunusuru Kaya kuna ruzuku inayotegemea mtoto apelekwe kliniki na shule, yaani serikali tayari ina orodha ya kaya zenye hali ngumu na tayari inajua mtoto wa kaya hiyo yuko wapi. RITA nao wale watoto wa chini ya miaka mitano wanawaandikisha hukohuko kliniki na kwenye kata, taarifa inatumwa kwa simu, cheti cha kuzaliwa bure, walianzia Mbeya 2013 na huku kwetu umefika. Malipo ya serikali yote siku hizi ni kontrol namba. Vipande vyote vipo mezani, kinachokosekana ni mtu wa kusema hivi vipande tuviunganishe kwa ajili ya mtoto wa miaka miwili.

Maana huyo mtoto wa miaka miwili, Mhariri, ndiye aliyesahaulika katikati. Sheria ya ajira inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, akijifungua pacha 100, na akirudi kazini ana masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha. Sawa. Upande wa pili, tangu 2016 shule za serikali hazina ada na darasa la awali limo, na ile sera ya elimu iliyozinduliwa hapahapa Dodoma 2025 imeweka mwaka mmoja wa awali kuwa lazima. Sasa hesabu mwenyewe kutoka siku ya 85 mpaka mtoto afike miaka mitano. Hapo katikati ni miaka, na ndio miaka ambayo wataalamu wote wanatuambia ubongo wa mtoto unakua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote, na kwenye hiyo miaka serikali haimchangii mzazi hata shilingi ya ada ya malezi ya mchana. Na hapo nimemtaja mwajiriwa. Muuza mbogamboga wa soko la Majengo, mama lishe anayepikia mafundi Mtumba, dada anayesukuma nyanya Sabasaba, hao siku 84 hazipo, wanarudi kazini wakiweza kutembea.

Pita Majengo asubuhi uangalie chini ya meza, utakuta mtoto amelazwa kwenye boksi na khanga juu yake. Wengine wanaachwa na dada yao wa miaka tisa ambaye mwenyewe alitakiwa awe shule. Wengine na dada wa kazi ambaye ukimwangalia vizuri naye ni mtoto wa watu kaletwa kutoka kijijini. Kwangu mama analipa kwa siku, buku au buku jero kutegemea umri wa mtoto, na hapo kuna uji wa lishe saa nne na chakula cha mchana, na siku asipouza anakuja jioni ananiambia dada leo sina, na mimi namwambia sawa, nitafanyaje, mtoto ameshakula. Kuna wengine siku wasiyokuwa na buku hawamleti kabisa kwa sababu wanaona aibu, na hiyo siku sijui mtoto anashinda wapi. Ukimpunguzia huyo mama nusu ya hiyo hela, mtoto anakuja kila siku na mimi naweza kumlipa mlezi wa pili. Ruzuku ninayoiombea ni hiyo tu, sio majengo ya ghorofa.

Sasa kuhusu teknolojia yenyewe naomba niseme taratibu kidogo, maana nikiongea na vijana wanaotengeneza hizi programu wanakimbilia kuniuliza kama nina kompyuta na wifi. Sina. Nina daftari na simu. Mfumo wa malezi ukianza kwa kudai kila kituo kiwe na tableti utawapata wale wa Area D na Ilazo wanaolipwa laki na nusu kwa mwezi, sisi wa Nkuhungu, Chang'ombe na Chamwino utatuacha nje, na ruzuku yote itaenda kwa wazazi ambao hawakuihitaji.

Kwanza kabisa kuna usajili. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo kisajiliwe kupitia ustawi wa jamii, na mi naunga mkono kwa moyo wote, mtoto wa mtu sio wa kuwekwa chumba chenye jiko la mkaa na ndoo ya maji iko wazi. Lakini safari ya makaratasi ndio inayowafanya wengi wabaki gizani, barua ya mtaa, mkaguzi wa afya, cheti cha mlezi, picha, nakala, rudi wiki ijayo. Mimi faili langu lilipotea kwenye ofisi moja nikaanza upya na nakala zangu, na ningekuwa sikutunza nakala ningeacha. Mbona leseni ya biashara halmashauri inaombwa kwenye mfumo wa TAUSI na unaona ombi lako limefika hatua gani? Kituo cha watoto nacho kiombwe hivyohivyo, na mtendaji wa mtaa amsaidie asiyejua, na afisa ustawi akija kukagua ajaze palepale kwenye simu yake nini kimepungua na nimepewa muda gani kurekebisha. Mtu akiambiwa choo chako hakifai una miezi mitatu, atajenga choo. Akiambiwa tu hujakidhi vigezo atafunga mlango wa mbele na watoto ataendelea kuwapokea kwa mlango wa nyuma.

Na cheti cha mlezi, kile chuo cha Kisangara kule Mwanga kinafundisha vizuri sana, wenzangu waliopita pale unawaona kabisa wanavyomshika mtoto, lakini mama wa Nkuhungu mwenye watoto wake atakaa Kilimanjaro muda wote huo na nani? Hapa ndio simu ingefanya kazi ya maana, masomo ya sauti kwa Kiswahili, vipande vya dakika kumi, unasikiliza watoto wakilala mchana, halafu mafunzo ya vitendo mnakusanywa kata kwa kata na mwalimu wa kweli anawaona mnafanya. Mlezi anasikiliza kwenye kitochi, hahitaji bando.

Jambo la mahudhurio ndilo linaloninyima usingizi, maana najua wataalamu wa mifumo wanalipenda. Watasema tutalipa kituo kwa kila siku mtoto aliyoonekana, mlezi aingize namba ya mtoto asubuhi na jioni, mfumo upige hesabu. Ukisikia hivyo unaona ni haki kabisa. Lakini fikiria. Mtoto akishikwa na malaria siku nne hayupo, je kodi ya chumba nayo haipo siku nne? Mlezi wa pili nimwambie leo watoto watano wanaumwa rudi nyumbani sina hela yako? Mkaa na unga nimeshanunua wa wiki. Halafu huku Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, ikinyesha Desemba au Januari akina mama wanarudi vijijini, Bahi, wilaya ya Chamwino, Mvumi, kulima mtama na alizeti na uwele, na watoto wanaenda nao, wiki mbili tatu kituo kinabaki na watoto wachache wa watumishi. Mfumo utakaolipa kwa mahudhurio ya siku utaviua vituo vya maskini kila mwaka mvua ikianza, na mtoto akirudi kutoka shamba atakuta jina lake limefutwa kwa utoro.

Wenzetu wameshapita huko. Marekani kuna mfuko wa serikali kuu unaowasaidia wazazi wa kipato cha chini kulipia malezi, hela zinapitia majimboni, na kwa miaka mingi majimbo mengi yalikuwa yanavilipa vituo baadaye na kwa mahudhurio, vituo vingi vikawa havitaki kabisa watoto wa ruzuku kwa sababu hela haitabiriki. Mwaka 2024 serikali yao ikatoa kanuni ya kutaka majimbo yalipe mapema na kwa idadi ya walioandikishwa, na mzazi asichangie zaidi ya asilimia 7 ya kipato cha familia. Nchi tajiri kiasi hicho iligundua kwamba kituo kina gharama hata siku mtoto hayupo. Sisi tuanzie walipofika wao, tusianzie walipoanzia. Ruzuku ilipwe kwa uandikishaji, kwa mwezi, mwanzoni mwa mwezi, na mahudhurio yaangaliwe kwa ajili ya kumjua mtoto anayepotea ili mtu aende nyumbani kuuliza kulikoni.

Najua swali linalofuata, watoto hewa. Nchi hii ilihangaika na wafanyakazi hewa 2016 na hakuna anayetaka kurudia. Lakini mtoto ana namba ya cheti chake cha RITA, akiandikishwa kwangu hawezi kuandikishwa Kizota siku hiyohiyo, na mama akipata ujumbe mfupi kila mwezi unaosema mtoto wako ameandikishwa kituo fulani, kama sio kweli bonyeza 2, wizi mwingi unakufa hapo bila hata afisa kutoka ofisini. Halafu wakague kwa kushtukiza. Nasema wakague, mi siogopi kukaguliwa.

Kinachoniogopesha ni mashine kupewa kazi ya kuhukumu. Uholanzi, Mhariri, naomba wasomaji wako walijue hili. Kule wazazi walikuwa wanapewa hela ya kuchangia dei kea kupitia mamlaka ya kodi, na mamlaka ikawa na mfumo wa kompyuta wa kuchagua nani wa kushukiwa, na wenye asili ya nje au uraia pacha wakajikuta wanashukiwa zaidi. Mzazi amekosea kitu kidogo, saini haipo, amechelewa kutuma karatasi, akaambiwa arudishe hela zote za miaka, makumi ya maelfu ya euro. Akiuliza kosa langu nini hajibiwi. Zaidi ya familia 20,000 ziliingizwa humo, watu walipoteza nyumba, ndoa zikavunjika, na watoto zaidi ya elfu moja walichukuliwa na serikali kutoka kwenye familia hizo. Mpaka Januari 2021 serikali yote ya waziri mkuu Mark Rutte ikajiuzulu kwa ajili ya hilo, na mpaka leo wanaendelea kulipa fidia. Hiyo ni nchi ambayo karibu kila mtu ana benki, anwani na intaneti. Je huku kwetu ambako jina kwenye kadi ya kliniki limeandikwa Mwajuma na kwenye NIDA Mwanjuma?

Hayo majina sio utani, nayaona kwenye daftari langu kila mwezi. Mama mmoja ana majina matatu tofauti kwenye karatasi tatu za serikali na yote ni yeye. Mwingine laini anayotumia imesajiliwa kwa alama za vidole za kaka yake kwa sababu yeye kitambulisho cha taifa hakikuwa kimetoka. Mwingine simu ni moja nyumbani na inatembea na baba. Hela ya mtoto ukiituma kwenye hiyo namba mama hataiona, na akiuliza ugomvi. Ndio maana mi napendekeza ruzuku isipite mkononi mwa mzazi wala isiingie kimyakimya kwangu, iingie kwenye lipa namba ya kituo na mama apate taarifa kwa ujumbe, na asiye na simu mtendaji amsomee, na majina ya vituo na kiasi kilicholipwa yabandikwe ukutani ofisi ya mtaa kila mtu asome. Jina likigongana mtoto aendelee kuja na kituo kilipwe wakati watu wazima wanatafuta ipi ni sahihi. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa herufi moja.

Na iwe kwa kubonyeza nyota na reli, kwenye ile *152*00# ya serikali ambayo tayari ipo, sio programu ya kupakua. India wana vituo vya watoto zaidi ya milioni moja, Anganwadi wanaviita, walivianzisha 1975 na ni kazi kubwa sana wanafanya, lakini mwaka 2021 serikali yao ilipoleta programu ya simu ya kufuatilia lishe walezi wa jimbo la Maharashtra walirudisha simu walizopewa, walisema zimechakaa, zinaganda, na lugha ya programu ni Kiingereza. Walezi wale hawakuikataa teknolojia, walikataa kufanyishwa kazi mara mbili, daftari na simu juu. Mlezi mwenye watoto kumi na tano na mmoja anatapika hana muda wa kusubiri kiduara kinachozunguka kwenye kioo.

Jingine dogo ila ni zito, picha. Vituo vingi siku hizi vinaweka watoto kwenye status, wakiwa wanakula, wakiwa bafuni hata, mtu anajitangazia biashara. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na taarifa za mtoto zinalindwa humo. Mfumo wa ruzuku usidai sura ya mtoto. Namba ya cheti inatosha.

Hela zitatoka wapi, nitaulizwa. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi, 4 kwa wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, mikopo ile ilisimama 2023 ikarudi 2024 na utaratibu mpya. Vikundi vya walezi vipewe kipaumbele hapo vijenge vyoo na madirisha. Ada ya watoto wa kaya za TASAF ipitie TASAF hukohuko, orodha wanayo. Na kile kitabu kikubwa cha Wizara ya Maendeleo ya Jamii, PJT-MMMAM, programu ya malezi na makuzi ya watoto wa miaka 0 mpaka 8, kiliandikwa cha 2021/22 hadi 2025/26, kwa hiyo kinachofuata ndio mahali pa kuandika neno ruzuku ya malezi ya mchana kwa maandishi meusi. Wizara chini ya Dkt. Gwajima ilikipigia debe vizuri sana hiki kitabu, na Mtumba kwenye mji wa serikali kwetu sio mbali.

Ninachoomba kianze na eneo moja, akina mama wa masoko ya Dodoma, Majengo, Sabasaba, soko la machinga na Ndugai kule Nzuguni, vituo vidogo vinavyowazunguka visajiliwe kwa simu na ruzuku ianze kwa watoto wao. Kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu hao wataalamu waje wakae vituoni wiki nzima kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mama wa kwanza anapogonga. Na kila ujumbe unaosema ombi limekataliwa uandikwe sababu kwa Kiswahili cha kueleweka, pamoja na jina la ofisi na namba ya bure ambayo mtu anapokea, kama ile 116 ya huduma kwa mtoto inavyopokelewa, na mpaka huyo mtu atakapojibu mama aendelee kumleta mtoto.

Mlezi wa watoto,
Nkuhungu, Dodoma